Siku Darasa la Sita Liliponipigia Kura

Mariamu mwanangu,

Umetoka hapa saa nane kwenda Mengo kumuaga shangazi yako, na umesema utarudi kabla jua halijazama. Kwa hiyo nina saa tatu, labda nne, maana shangazi yako hajawahi kumwachia mtu kwa kwaheri moja. Mama yako yuko chumbani anakunja nguo alizokwisha kuzikunja asubuhi. Mambo ya blanketi, ya sabuni tuliyoipata kwa taabu, ya kutowajibu askari wa vizuizini zaidi ya wanachouliza, amekwambia yeye, tena amekwambia mpaka mimi nimechoka kuyasikia. Sitayarudia.

Naandika kwa sababu kuzungumza na wewe nimeshindwa. Nikianza sentensi, wewe umeshafika mwisho wake na uko njiani kurudi kunionyesha palipo na kosa. Umekuwa hivyo tangu una miaka sita. Nimekukemea, nimekubembeleza, nimenuna, haikusaidia kitu. Na sasa unakwenda chuo cha ualimu, ambako watakupa cheti kwa tabia hiyo hiyo.

Miezi yote hii tumebishana. Nilitaka ukasomee ukarani. Nilikuuliza ni mwalimu gani wa nchi hii anayepata sukari kabla ya watu wengine. Ukanijibu kwamba unataka kuwa kama Mwalimu Nansubuga, aliyekufundisha darasa la sita. Kila ulipotaja jina lake mimi nilianza kuzungumzia bei ya parafini, nawe ukakasirika ukidhani namdharau. Simdharau. Siwezi kulisikia jina lake nikatulia, na leo nitakueleza kwa nini, hata kama mkono unagoma.

Lazima nianzie kwenye kalvati.

Unajua nilikuwa diwani. Umekua ukisikia watu wakiniita Mheshimiwa, na umeniona nikifurahi. Usichojua ni namna nilivyofanya hiyo kazi. Nilikuwa nimerudi kutoka Mombasa, nilikokuwa karani wa reli miaka sita na kupata Kiswahili hiki mnachokicheka. Nilijiona mtu aliyeona dunia. Uchaguzi wa baraza ulipokuja nikagombea. Sisi wa Kyebando huku juu tulikuwa wachache. Kura zilikuwa Bwaise, kule chini, ambako mvua ikinyesha saa moja watu wanapandisha magodoro juu ya meza. Nikazunguka vibaraza vyao na suruali nimeikunja magotini. Nikawaambia kalvati za kwanza atakazozipata diwani wenu zitalazwa hapa, maji yatoke. Wakanichagua.

Kalvati zikaja kweli. Za saruji, nene, mtoto angeweza kupita ndani akiinama kidogo. Zilitosha mahali pamoja tu. Barazani tukaulizwa ziende wapi, na mimi nikanyosha mkono ziende kwenye barabara ya Kyebando. Huku walikaa watu waliokuwa wakinisalimia kwa Kiingereza na kunikaribisha chai. Huku ilikuwa nyumba yetu pia. Nikasema barabara ni ya watu wote. Barabara ikapendeza, na maji yake yote yakawa yanateremka moja kwa moja Bwaise, kwa kasi kuliko zamani.

Nilijiambia mwaka unaofuata nitawarekebishia. Mwaka unaofuata hapakuwa na baraza. Wanajeshi walichukua serikali, tukasikia redioni, na sisi madiwani tukaambiwa twende nyumbani. Watu walidhani nimeumia. Mariamu, nilipata nafuu. Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuniuliza tena. Nilipopita Bwaise, mama mmoja muuza mihogo alinifutia benchi kwa kanga yake akasema, "Bambi, pole Mheshimiwa, walikutoa kabla hujatufanyia ile kazi." Nikakaa kwenye benchi lake, nikala mhogo wake, nikatikisa kichwa kama mtu aliyedhulumiwa. Miaka kadhaa niliishi kwa huruma ya namna hiyo. Ninavyoandika hivi natamani kujipiga makofi.

Sasa shule. Unakumbuka serikali ilipotangaza kwamba Kiswahili ndiyo lugha ya taifa? Kila mtu alihangaika. Darasani kwenu kulikuwa na watoto wa askari ambao Kiswahili ndiyo lugha ya nyumbani, na walimu wenu walijua Kiganda na Kiingereza tu. Mwalimu Nansubuga akaja hapa na kitabu cha uraia mkononi. Ndani kulikuwa na sura ya jinsi wananchi wanavyochagua baraza lao. Sura hiyo hakuna aliyekumbuka kuifuta, na mkaguzi alitaka kila sura ifundishwe, aweke alama, aende zake.

"Ssebo, bwana, nitafundishaje kitu ambacho hakipo?" akaniuliza.

"Fundisha kama historia," nikamwambia.

"Wataniuliza kwa nini ni historia."

Mwishowe akaniomba nije niwaeleze mimi, saa moja tu, kwa Kiswahili, na nisitoke nje ya kitabu. Hilo la kitabu alilirudia mara mbili.

Nilikuja na koti. Wewe ulikuwa mstari wa pili, umevaa uso wa mtu asiyenifahamu. Nilieleza vizuri, hilo huwezi kulikataa. Nilieleza mgombea ni nani, kura ni siri, sanduku linafunguliwa mbele ya watu wote na hesabu inasomwa kwa sauti. Mkanipigia makofi. Nikauliza kama kuna maswali, kwa ile sauti ya mtu anayetaka kuondoka bado anashangiliwa.

Alisi akanyosha mkono. Rafiki yako Alisi, binti wa Sajini. Kambini nyumba zilikuwa zimejaa, kwa hiyo baba yake alipanga vyumba viwili Bwaise. Viatu vyake vilikuwa na matope makavu mpaka kwenye kifundo.

"Mheshimiwa, kama diwani hakufanya kazi, watu nafanya nini?"

"Swali zuri. Wanangoja uchaguzi mwingine, wanamchagua mtu mwingine."

"Na wewe, walichagua mtu mwingine?"

"Hapana. Baraza lilifungwa."

Akafikiri. "Basi watu hawajasema bado."

"Hawajasema nini?"

"Kama ulifanya kazi ama hukufanya. Kwetu maji naingia mpaka chini ya kitanda."

Hapo ndipo wewe uliposimama, bila kunyosha mkono, bila kuombwa. "Mwalimu, tunaweza kusema sisi. Tupige kura. Abaki ama atoke."

Darasa zima likalipuka. Mwalimu Nansubuga alikwenda kufunga dirisha, na aliporudi uso wake ulikuwa umebadilika. "Mariamu, kaa chini. Ssebo, asante sana, tuishie hapo."

Sikiliza sasa, maana hapa ndipo unapokumbuka vibaya. Wewe husimulia kwamba Mwalimu aliruhusu. Hakuruhusu. Niliruhusu mimi. Nilimwambia, mbele yenu, "Waache, Mwalimu, ndivyo watakavyojifunza." Nilisema hivyo kwa sababu nilikuwa na uhakika nitashinda. Watoto wamenipigia makofi, mmoja wao ni binti yangu, nani ataniangusha? Mwalimu akatoa punje za kufundishia hesabu. Mahindi ni abaki, haragwe ni atoke. Mkapita mmoja mmoja nyuma ya ubao, mkitia punje kwenye kopo la mafuta ya kupikia.

Nikalimwaga juu ya meza mwenyewe. Mahindi yalikuwa tisa. Yaliyobaki yote yalikuwa maharage, na darasa lenu lilijaa mpaka wengine walikaa watatu watatu.

Nilihesabu tena. Nilihesabu kwa kidole, polepole, kana kwamba haragwe likitazamwa sana linageuka. Kisha nikasema huu ulikuwa mchezo tu. Kisha nikasema watoto wasiojua hata kupenga kamasi hawawezi kumpima mtu mzima. Nikachukua kofia yangu nikatoka. Jioni nikakuuliza wewe ulitia nini, nawe ukanijibu mdomo umejaa matoke, "Baba, kura ni siri. Umetufundisha leo." Mama yako alicheka mpaka akaweka sahani chini. Mimi sikucheka wiki nzima, na mpaka leo sijaona kilichochekesha.

Mpaka hapo ulikuwepo. Yanayofuata hukuyaona.

Kesho yake, wewe ukiwa shuleni, Land Rover ya jeshi ilisimama mbele ya nyumba. Sajini akashuka. Askari mwingine alibaki kwenye usukani akivuta sigara. Mama yako alikuwa uani anamenya matoke.

"Wewe ndiyo diwani ya zamani?"

"Ndiyo, Afande."

"Alisi nasema jana darasa ilipiga kura. Nasema walitoa mkubwa." Alisogea. "Mkubwa gani hiyo?"

Unaelewa alichokuwa anauliza. Wakati huo, na hata sasa, mkubwa wa nchi ni mmoja tu, na mtu akisema darasa zima limemtoa, watu wanaweza kupotea. Lakini tazama jinsi jibu lilivyokuwa jepesi. "Ni mimi, Afande." Basi. Lilikuwa la kweli, na lilikuwa ndiyo njia salama kuliko zote, kwangu na kwa kila mtu. Ila baada ya hapo angeniuliza kwa nini walinitoa. Ningelazimika kumwambia habari za kalvati, yeye ambaye maji yangu yanaingia chini ya kitanda chake.

Niliogopa, sikatai. Nani hakuogopa? Lakini woga peke yake ungenifanya niseme kweli haraka. Kilichonifunga mdomo ni aibu. Nikasema, "Mimi nilialikwa tu, Afande. Mambo ya kura muulize mwalimu."

Akanishukuru. Alinishika mkono, Mariamu, akanishukuru.

Baadaye nilijiambia nilikuwa nakulinda wewe, kwa kuwa wewe ndiwe uliyetamka neno kura. Nimejiambia hivyo mara nyingi. Si kweli. Wewe nilikukumbuka jioni, uliporudi unalia na kunieleza jinsi walivyomchukua Mwalimu, na jinsi alivyoomba kwanza afute ubao, wakamruhusu, akafuta wote mpaka pembeni. Ulinieleza, na mimi nikasikiliza kama mtu anayepata habari.

Ukaniuliza, "Ni Alisi, si ndiyo? Alisi ndiye aliyemwambia baba yake." Nikakujibu, "Achana na mambo ya askari." Hilo halikuwa jibu, na nilijua kabisa utalichukua kuwa ndiyo. Kesho yake ukahamisha vitabu vyako kutoka kwenye dawati lake. Darasa likakufuata wewe, kama kawaida. Yule mtoto akawa anakula peke yake karibu na bomba. Alisi alisimulia nyumbani alichofanya shuleni, kama mtoto yeyote. Aliyemtaja mwalimu nilikuwa mimi.

Mwalimu alikaa huko siku tatu. Siku ya tatu asubuhi mama yako akavaa gomesi, gauni lake la kanisani, akasimama mlangoni. Nikamuuliza anakwenda wapi.

"Kwa Sajini. Nilikuwa uani siku ile, nilisikia yote. Nimekupa siku tatu uwe mwanamume. Unakwenda wewe, au nakwenda mimi?"

Nikaenda mimi. Ningependa kukuandikia kwamba dhamiri ilinisukuma, lakini ni mama yako na gomesi.

Sajini alikuwa amekaa kitandani, na kitanda kilikuwa kimeinuliwa juu ya matofali. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama: ahadi, kalvati, mkono niliounyosha barazani, mahindi tisa. Hakunikatiza.

"Kwa hiyo mkubwa ni wewe?"

"Ni mimi, Afande."

"Wewe tu?"

"Mimi tu."

Akatazama matofali, kisha akanitazama mimi, akacheka. Hakikuwa kicheko kizuri. "Sasa kwa nini hukusema ile siku? Mimi ningeenda kula chakula yangu."

Angekwenda kula chakula chake! Miaka mitano sasa naitafuna sentensi hiyo. Jambo lote lingeishia mlangoni kwangu kwa maneno mawili, na mama mmoja asingelala siku tatu kwenye sakafu ya saruji. Jioni ile ile walimwachia. Alirudi bila saa yake ya mkononi na bila hamu ya kusimulia. Aliendelea kuwafundisha, ila ile sura aliiruka, na mkaguzi akaiwekea alama kama imefundishwa. Mwisho wa muhula Sajini akahamishwa na familia yake. Alisi aliondoka bila hata mtoto mmoja kumsindikiza mpaka getini. Uliniambia mwenyewe, tena kwa kujivuna kidogo, na mimi nikaendelea kusoma gazeti.

Sasa unakwenda kuwa mwalimu, na najua utafundisha sura hiyo siku moja, iwepo vitabuni au isiwepo. Unadhani kinachohitajika ni ujasiri mbele ya wenye bunduki. Nakujua, huo unao, tena umezidi, unanitia ugonjwa. Lakini siku ile Mwalimu hakuponzwa na bunduki peke yake. Aliponzwa na mtu mmoja mwenye koti aliyeshindwa kuvumilia punje za maharage. Watoto watakuchagulia kiongozi wa darasa usiyempenda. Watakuambia somo lako hawakulielewa. Siku moja watakupigia kura wewe, kwa kelele au kwa kunyamaza. Hesabu kwa sauti, andika ubaoni, ukanywe chai yako. Mimi sikuweza, na sikuwa na kisingizio, maana nilikuwa nimetoka kulifundisha somo hilo mwenyewe dakika tano kabla.

Na kwa jina la Mungu, jifunze kumwacha mtu amalize. Swali lile lilikuwa la Alisi. Maji yalikuwa ya kwao. Wewe ulilinyakua ukaligeuza kuwa uchaguzi, halafu yeye ndiye aliyelipia. Sikusemi ili nijipunguzie lawama. Sehemu yangu ni kubwa na nimeiandika. Lakini na wewe unayo kidogo, na hakuna mwingine atakayekwambia, kwa sababu watu wengine wanakuogopa.

Jumanne nilikwenda kwa Mwalimu Nansubuga. Nilimkuta barazani anasahihisha madaftari. Nikamwambia nimekuja kukiri jambo.

"La kalvati au la Sajini?" akauliza, kalamu bado inatembea.

Alijua. Sajini alimwambia siku ile ile ya kumwachia, huku akicheka. Miaka mitano mama yule amenisalimia njiani, akauliza hali ya nyumbani, akakusaidia wewe na mitihani, na alijua.

"Kwa nini hukumwambia Mariamu?"

"Ili iwe nini? Akuchukie wewe, aache kusikiliza hesabu? Nilitaka asome." Akafunga daftari. "Lakini sasa anakwenda kufundisha. Alisi alinililia mimi, ssebo, hakuwa na mtu mwingine wa kumlilia. Mwambie mtoto wako kabla hajapanda basi. Usimtumie kwa posta."

Kumbe Alisi bado humwandikia. Anasomea uuguzi. Mwalimu anajua alipo, na ukimwendea leo jioni atakuonyesha barua zake. Mimi sikuthubutu kuomba kuzisoma.

Nilikuwa nimepanga kuificha barua hii katikati ya vitabu vyako, uikute ukiwa mbali. Mama yako ameiona bahasha. "Unamwandikia barua mtu anayelala nyumba moja na wewe, halafu unataka aisome akiwa hawezi kukujibu?" Nimeichana bahasha. Yeye naye anamaliza sentensi za watu, sasa najua ulikoitoa tabia hiyo.

Nasikia sauti yako njiani, unabishana na mtu kuhusu daraja, sijui lipi. Nitakupa karatasi hizi mkononi ukiingia. Soma mpaka mwisho kabla hujafungua mdomo, hilo tu naomba. Ukimaliza zitie kwenye sigiri ziungue zote, maana zina majina ya watu. Kisha njoo uniulize unachotaka, na kama hutaki nikusindikize kesho stendi, niambie hivyo hivyo usoni. Niko hapa sebuleni, siendi popote.

Baba yako